Ndege kati ya Nairobi na Dar es Salaam: kilomita 665, dakika 80 za tiketi, saa 6 za safari

Ndege inayotoka Nairobi kwenda Dar es Salaam hukaa angani muda unaozidi saa moja kidogo tu. Hata hivyo, abiria aliyefunga mlango wa nyumba yake Westlands saa 2 asubuhi ashukuru akiingia Kariakoo saa 8 mchana. Saa hizo 6 ndizo safari yenyewe, na ndizo tunazozipima hapa. Ile saa moja ya angani haina matatizo: ni huduma nzuri, ipo kila siku, kwa ndege za kisasa, kati ya viwanja viwili vikubwa. Kinachoharibu safari kiko ardhini, na sehemu kubwa yake abiria mwenyewe anaweza kuizuia akijua inatokea wapi.

Tuanze na umbali, maana hapo watu hubishana bure. Kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta hadi kiwanja cha Julius Nyerere, mstari ulionyooka una takriban kilomita 665, ambazo kwa marubani ni maili za baharini 360. Ukipima kutoka katikati ya jiji hadi katikati ya jiji unapata kama kilomita 670. Ndiyo maana vikokotoo vya umbali vya mtandaoni hutofautiana kwa kilomita chache, na hakuna kinachokosea. Kila kimoja kimechagua nukta zake. Kwa barabara ya Namanga, Arusha, Moshi na Korogwe ni zaidi ya kilomita 900, kwa sababu barabara inazunguka milima ambayo ndege inaipita juu.

Muda ambao vikokotoo hivyo hutoa, yaani saa 1 na dakika 20, si siri. Vingi hugawanya umbali kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, halafu huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kilomita 665 kwa mwendo huo ni dakika 50; ongeza 30 upate 80. Kwa bahati nzuri hesabu hiyo ya mkato inakaribiana sana na ratiba halisi za ndege za jeti kwenye njia hii, ambazo huwa kati ya saa 1 na dakika 15 na saa 1 na dakika 30.

Lakini muda wa ratiba si muda wa angani. Huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusukumwa kutoka maegeshoni hadi inaposimama kabisa upande wa pili. Zigawe hizo dakika 80 hivi: kama dakika 10 hadi 15 za kutembea ardhini na kusubiri zamu ya kuruka, dakika 60 hadi 65 za angani, na zilizobaki ni za kutoka kwenye njia ya kurukia na kutua hadi jengoni. Hata hizo 60 za angani hazina utulivu mrefu. Ndege hupanda kwa takriban dakika 20, hukaa juu dakika 20 au zaidi kidogo, halafu huanza kushuka. Wahudumu wana nafasi hiyo ndogo ya katikati ya kugawa vinywaji na kukusanya vikombe, kwa hiyo anayetaka kumeza chakula kamili ale kabla ya kupanda.

Ndege ya pangaboi ni hesabu nyingine. ATR 72 huenda kama kilomita 510 kwa saa, na kwa umbali uleule safari hufika saa 1 na dakika 40 hivi. Ukiona kwenye tiketi muda unaokaribia saa 2 bila kituo cha kati, sababu kwa kawaida ni aina ya ndege. Ukiona saa 3 au zaidi, kuna kituo, mara nyingi Kilimanjaro, Zanzibar au Mombasa. Soma mistari midogo kabla ya kulipa.

Njia hii pia ina mandhari ambayo safari nyingi ndefu hazina, na inafaa kuchagua kiti kwa makusudi. Mwelekeo kutoka Nairobi ni kama nyuzi 158, yaani kusini ukiegemea mashariki kidogo. Mstari ulionyooka unapita kama kilomita 30 mashariki mwa kilele cha Kilimanjaro. Kwa hiyo anayekwenda Dar akae dirisha la kulia, na anayekwenda Nairobi akae la kushoto. Mlima unakuwa ubavuni ndege ikiwa imetoka Nairobi kilomita 200 hivi, sawa na dakika 20 baada ya kuruka, mara tu inapomaliza kupanda. Kwa upande huo kilele kilicho karibu nawe ni Mawenzi, mita 5,149, chenye miamba iliyochongoka. Kibo, mita 5,895, kinaonekana nyuma yake na theluji yake. Waongozaji wa anga wanaweza kuisogeza njia kwa kilomita kadhaa, ila upande haubadiliki kirahisi. Safari za asubuhi ndizo bora: mawingu huwa hayajapanda, na jua likiwa mashariki linaumulika mlima bila kukupiga usoni.

Baada ya hapo hifadhi ya Mkomazi iko chini, milima ya Pare upande wa magharibi, kisha Usambara karibu chini ya mabawa. Korogwe ndipo rubani huanza kushuka. Kanuni ya jumla ni maili 3 za baharini za kusogea mbele kwa kila futi 1,000 za kushuka, kwa hiyo kutoka futi 37,000 anahitaji kama kilomita 200, na kilomita 200 kabla ya Dar ni pale karibu na Korogwe. Saadani, Bagamoyo, bahari, na umefika.

Kama unatazama namba za urefu kwenye programu ya kufuatilia ndege, utaona kwamba wanaokwenda Dar hupewa futi 33,000, 35,000 au 37,000, na wanaorudi Nairobi hupewa 34,000 au 36,000. Hiyo ni kanuni ya anga: mwelekeo wa nyuzi 0 hadi 179 hupewa maelfu witiri, mwelekeo wa 180 hadi 359 hupewa maelfu shufwa, ili ndege zinazokutana uso kwa uso zisiwe kwenye urefu mmoja.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha, hasa kwa wenye watoto wachanga, ni masikio. Kiwanja cha Nairobi kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, wakati cha Dar kiko mita 55 tu. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu hulingana na ile ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000, na Nairobi yenyewe iko futi 5,330. Maana yake ni kwamba ukiruka kutoka Nairobi masikio hayahisi kitu kikubwa, lakini ukishuka Dar yanabeba tofauti yote kwa mkupuo, ndani ya dakika 20. Ukielekea Nairobi mambo yanageuka: mabadiliko yako kwenye kupanda, ambako masikio hujifungua yenyewe kwa urahisi zaidi, na kutua hakuna maumivu makubwa. Kwa hiyo mama anayekwenda Dar amwamshe mtoto na kumnyonyesha ndege inapoanza kushuka, kama dakika 25 kabla ya kutua, asisubiri alie. Mwenye mafua makali ya kuziba pua afikirie kuahirisha safari ya kwenda Dar kuliko ile ya kwenda Nairobi. Na chupa ya maji iliyofungwa Nairobi itabonyea Dar, wakati pakiti ya korosho iliyofungwa Dar itavimba. Vipodozi vya maji vifungwe kwenye mfuko wa pili.

Upepo wa angani kwenye latitudo hizi ni mwepesi, kwa hiyo kwenda na kurudi hazitofautiani sana kama zinavyotofautiana safari za Ulaya na Marekani. Kinachobadilisha dakika ni njia ya kurukia na kutua inayotumika. Nairobi ina njia moja tu, ndefu, mita 4,117, kwa sababu hewa nyembamba ya juu huifanya ndege ihitaji mbio ndefu ili iruke. Upepo mara nyingi hutoka mashariki, hivyo ndege hutua zikielekea kaskazini-mashariki. Anayetoka Dar anakuja kutoka kusini-mashariki, na inabidi azungushwe hadi upande wa magharibi wa kiwanja ndipo ageuke kutua. Hapo zinaongezeka dakika 5 hadi 10, na ndege nyingi zikifika pamoja zinaongezeka zaidi. Dar nako, upepo wa kaskazi ukivuma kati ya Desemba na Machi, ndege kutoka Nairobi inalazimika kupita kiwanja na kugeuka ili itue ikikabili upepo. Upepo ukitoka kusini-magharibi, inaingia karibu moja kwa moja kutoka upande wa Bagamoyo. Ndiyo maana safari ileile leo ni dakika 58 za angani na kesho ni 70.

Sasa ardhini. Kosa la kwanza ni la nyaraka. Mkenya haombi viza ya Tanzania wala Mtanzania haombi viza ya Kenya, lakini pasipoti inatakiwa. Kitambulisho cha taifa kinachomvusha Mkenya kuingia Uganda na Rwanda hakimfikishi Dar, na watu hugundua hilo kwenye kaunta, dakika 70 kabla ya ndege, wakati hakuna la kufanya. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele na kurasa zisizogongwa muhuri.

La pili ni kadi ya njano. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Hii inamhusu pia Mtanzania anayerudi nyumbani, na watoto kuanzia mwaka mmoja. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa siku moja kabla ya safari hakusaidii. Tangu 2016 dozi moja inatambulika kwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10. Ibebe kadi yenyewe, pamoja na pasipoti, mfukoni na si ndani ya begi lililoingizwa kwenye shehena.

La tatu ni mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Usifunge viatu wala nguo chafu kwa mfuko wa rambo. Tumia wa kitambaa.

La nne ni saa, na hili ni letu sisi tunaozungumza Kiswahili. Nairobi na Dar ziko kwenye saa moja, hakuna kusogeza mshale. Lakini tiketi imeandikwa kwa saa 24 za kimataifa na sisi tunahesabu tangu macheo. Tiketi ya 06:45 ni saa 1 kasorobo asubuhi. Ya 18:45 ni saa 1 kasorobo jioni. Ukimtumia dereva ujumbe wa "saa 6:45" bila kusema asubuhi ya kizungu au usiku wa kwetu, umetengeneza ajali. Hatari zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi ya 00:35 tarehe 14 maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani uwe kiwanjani tarehe 13 kabla ya saa 4 usiku. Watu wa pwani wanaohesabu usiku kuwa ni wa siku inayofuata hawakosei hapa. Wengine wengi hufika usiku wa tarehe 14 wakaambiwa ndege iliondoka jana. Mpigie anayekupokea na umtamkie neno "kuamkia".

Kiwanja cha Nairobi kinakula muda kwa ukaguzi unaorudiwa. Kabla gari halijafika jengoni, abiria wote isipokuwa dereva wanaweza kutakiwa kushuka barabarani na kupita kwa miguu kwenye banda la ukaguzi, kisha kupanda tena. Mlangoni mwa jengo mizigo inapita kwenye mashine, baadaye kuna uhamiaji, na kuna ukaguzi mwingine kabla ya lango. Hakuna hata kimoja kinachochukua muda mrefu peke yake, ila vikishikana wakati ndege nyingi zinaondoka, dakika 60 zinakwisha bila mtu kuona. Kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka. Saa 2 na nusu kabla ndiyo hesabu salama. Saa 3 ikiwa una begi la kuingiza na safari ni ya asubuhi mapema au usiku. Jambo jingine: jengo. Kenya Airways hutumia 1A, mashirika mengine hutumia majengo mengine, na Jengo la 2 liko mbali kidogo. Mwambie dereva jina la jengo kabla ya kufika kwenye mzunguko, kwa sababu kurudi nyuma kunaweza kukupitisha tena kwenye ukaguzi.

Kufika hapo pia kumebadilika. Barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, imeondoa ile hofu ya Barabara ya Mombasa kwa anayekubali kulipa ushuru. Kama kuna foleni, huwa kwenye milango ya kulipia na kwenye vitokeo. Anayepita chini asubuhi au jioni aongeze saa nzima, si nusu saa.

Upande wa Dar, ndege za kimataifa hutumia Jengo la 3, lililofunguliwa Agosti 2019 na kujengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka. Ndilo lenye unafuu zaidi katika safari yote: ukumbi mpana, kaunta nyingi za uhamiaji, mikanda ya mizigo iliyo karibu. Ndege moja ya abiria 100 ikifika peke yake unaweza kuwa nje ndani ya dakika 30. Ikifika pamoja na ndege kubwa za Ghuba au Ulaya, ambazo abiria wake wengi wanahitaji viza, hesabu saa nzima. Hapo tafuta foleni ya raia wa Afrika Mashariki badala ya kufuata umati. Anayeunganisha safari ya ndani kwenda Mwanza au Mbeya aulize ndege yake inaondokea jengo gani, kwa sababu Jengo la 2 ni safari ya gari na ukaguzi mpya. Saa 2 ndizo kima cha chini kama tiketi ni moja. Kama ni tiketi mbili za mashirika tofauti, saa 4.

Kiwanja kiko kilomita 12 hivi kutoka Posta, katikati ya jiji, kwa Barabara ya Nyerere. Daraja la juu la Tazara, lililofunguliwa 2018, lilipunguza mateso ya makutano yale, lakini jioni barabara bado inajaa. Kinachowashangaza wageni ni ukubwa wa jiji lenyewe. Anayekwenda Kariakoo au Upanga anafika ndani ya dakika 40. Anayekwenda Bunju, Kibaha au Kigamboni anaweza kutumia muda mrefu ndani ya Dar kuliko aliotumia kutoka Nairobi. Masika yakikolea na bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na magari yote huhamia njia nyingine. Kati ya Machi na Mei usipange kikao ndani ya saa 3 baada ya kutua.

Kuhusu ndege zenyewe, mashirika mawili ya taifa yanashindana hapa, na yote mawili yalizaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways. Embraer 190 ya Kenya Airways ina viti 96, viwili kila upande, hakuna kiti cha katikati. Kwa saa moja ya safari ndiyo starehe halisi. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 132, viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine, madirisha makubwa na kelele kidogo. Chagua upande wa viti viwili. Boeing 737 zina vitatu kila upande. Ukweli ni kwamba kwa dakika 60 tofauti hizi ni ndogo; chagua ndege kwa saa ya kuondoka, na tazama aina ya ndege baadaye.

Saa ya kuondoka ndiyo yenye uzito, kwa sababu ya namna ndege za masafa mafupi zinavyofanya kazi. Ndege moja hufanya safari 4 hadi 6 kwa siku, na kila chelewa ya asubuhi hubebwa hadi jioni. Ile ya kwanza ya siku imelala kiwanjani, iko tayari, na marubani wamepumzika. Ya saa 2 usiku inategemea kwamba Entebbe, Mombasa na Kilimanjaro zote zilikwenda vizuri. Mwenye kesi mahakamani, mkutano au ndege ya kuunganisha achukue ya kwanza, au aende siku moja kabla. Saa 3 kabla ya kutoka nyumbani, fungua programu ya kufuatilia ndege, tafuta ndege iliyopangiwa safari yako, na uangalie iko wapi. Ikiwa bado iko nchi nyingine, ratiba ya kwenye simu yako haijasema ukweli wote.

Sababu nyingine za kuchelewa ni za msimu. Nairobi, Juni hadi Agosti, mawingu ya chini na ukungu wa alfajiri huweza kuzuia kutua. Ndege zikikosa nafasi hupelekwa Mombasa au Kilimanjaro kusubiri. Dar ni mvua za masika na ngurumo, ambapo Zanzibar na Kilimanjaro ndizo kimbilio. Na kuna siasa ya anga, ambayo njia hii inaijua kuliko nyingi. Agosti 2020 Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways katika mvutano wa masharti ya korona, hadi Septemba. Januari 15, 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ingefuta kibali cha Kenya Airways cha kubeba abiria, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki ya ndege ya mizigo. Suluhu ilipatikana kabla tarehe hiyo haijafika. Mvutano wa namna hiyo haupigi hodi. Mwenye safari isiyoweza kuahirishwa anunue tiketi inayobadilishika, na ajue ratiba ya basi la usiku.

Bei hatutaitaja, maana inabadilika kila siku, ila inafaa kueleza kwa nini ni kubwa kuliko umbali wake. Tozo za viwanja hazijali kilomita. Tanzania humtoza anayeondoka kwa ndege ya kimataifa dola 40 za huduma ya abiria, awe anakwenda Nairobi au Guangzhou. Wa safari ya ndani analipa shilingi 10,000. Kwa tiketi ya Dubai dola 40 ni sehemu ndogo. Kwa tiketi ya saa moja ni pigo, na Kenya nayo ina tozo yake upande wa pili. Hii ndiyo kasoro kubwa ya njia hii: miji miwili ya jumuiya moja inatozwa kama imetenganishwa na bahari. Kushindana kwa mashirika kunapunguza nauli ya msingi, lakini tozo zinabaki palepale. Anayeweza kununua kwenda na kurudi kwa pamoja, wiki 3 au 4 kabla, na kuepuka mkesha wa Krismasi, Pasaka na Idi, hupata unafuu unaoonekana.

Basi ndilo mshindani wa kweli. Saa 14 hadi 16, zaidi ya kilomita 900, kwa sehemu ndogo ya bei. Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018, ambapo mihuri ya nchi zote mbili hugongwa ndani ya jengo moja, ingawa mizigo bado hushushwa na kukaguliwa. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya Tanzania yanaruhusiwa kutembea usiku kucha, kwa hiyo ule usumbufu wa kulala njiani umepungua. Mwenye mizigo mingi ya biashara, au anayeishi Arusha, Moshi au Korogwe, hana sababu ya kupanda ndege ya Dar. Mwenye haraka na begi moja hana sababu ya kukaa saa 15 kitini. Njia ya tatu, treni ya SGR hadi Mombasa kwa saa 5 hivi, kisha basi kupitia Lunga Lunga, Horohoro na Tanga, ni nzuri kwa mwenye siku 2 za kutumia. Kwa anayetaka kufika tu, haishindi basi la moja kwa moja.

Na begi hilo moja, libebe mkononi kama linaruhusiwa. Kwenye safari ya saa moja, kusubiri mkanda kunaongeza karibu theluthi ya muda wa kukaa angani, na abiria wanaounganisha Nairobi kutoka ndege za mbali ndio hasa wanaofika Dar bila mizigo, kwa sababu wao hukimbia lango hadi lango na begi halikimbii. Likikosekana, usitoke ukumbini. Nenda kaunta ya mizigo, jaza ripoti, chukua nakala yenye namba. Kenya na Tanzania zote ziko ndani ya Mkataba wa Montreal wa 1999: malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7, ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na madai bila maandishi hayasikilizwi. Piga picha ya begi kabla ya kulikabidhi, weka jina na namba ya simu ndani yake pia, na kile kijikaratasi chenye msimbo kinachobandikwa nyuma ya kadi ya kupandia ukitunze mpaka begi liwe nyumbani, limefunguliwa na kukaguliwa.